Fundisho la 14: Ujira Uliomo Ndani ya Ua





Katika fundisho lililopita tulieleza amri ya saba, tukasema kwamba kumnyima mfanya kazi ujira wake ni moja ya dhambi zinazomlilia Mungu. Leo twaendelea na neno hilo hilo la ujira, lakini tutalitafuta mahali ambapo watu wachache hulitafuta, yaani ndani ya ua. Kwa maana huko nako kuna tajiri na mfanya kazi, kuna kazi na malipo, kuna waaminifu na wezi. Tena mambo hayo madogo yahusu chungu cha mama jikoni na amani ya kijiji kizima, kama mtakavyosikia.

1. Maji matamu ya ua ni nini?

Kila mtoto aliyekulia karibu na migomba ayajua maji haya. Hung'oa ua dogo la mgomba, hulitia kinywani upande wa shina lake, hulifyonza, akaonja tone tamu. Wengine huyaita maji hayo mbochi. Sisi tutasema tu maji matamu ya ua.

Watu wengi hudhani kwamba hiyo ni asali iliyokwisha kuwa tayari. Sivyo. Ni maji yenye sukari, na mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Nyuki huyafyonza kwa ulimi wake, huyatia katika kifuko cha pekee kilicho mbele ya tumbo lake la chakula, kisha huyapeleka nyumbani. Huko wenzake huyapokea kinywa kwa kinywa, huyachanganya na utomvu wa miili yao, huyaweka katika masega, na kuyapepea kwa mabawa usiku na mchana mpaka yakauke. Asali iliyoiva ina maji yasiyozidi sehemu 20 katika 100. Basi ua latoa maji matamu, nyuki afanya asali.

Lakini kwa nini ua litoe maji hayo? Ua lenyewe haliyanywi. Sukari ile imetengenezwa katika majani ya mti kwa nguvu ya jua, nayo ni mali ya mti kama nafaka ilivyo mali ya mkulima. Mkulima mwenye akili hamwagi nafaka yake njiani bure. Mbona mti wamwaga sukari yake?

Mtu mmoja aliyejiuliza swali hili kwa bidii alikuwa mwalimu. Jina lake Christian Konrad Sprengel, mkuu wa shule katika mji wa Spandau, karibu na Berlin, huko Ujerumani. Mwaka 1787 alichunguza ua dogo la porini, akaona chini ya majani yake ya rangi vinyweleo laini, na nyuma ya vinyweleo hivyo matone ya maji matamu. Alisadiki kwamba Mwumba mwenye hekima hakuweka hata unywele mmoja bila kusudi. Kwa hiyo hakuondoka hapo mpaka alipopata kusudi lake: vinyweleo vyazuia matone ya mvua yasichanganyike na maji matamu, ili wadudu wayakute safi. Akazidi kuchunguza miaka mingi, akaona pia kwamba maua mengi yana mistari na madoa ya rangi yanayomwonyesha mdudu njia ya kuliendea tone, kama vile mtu aonyeshavyo mgeni mlango wa nyumba.

Mwaka 1793 Sprengel aliyaandika hayo yote katika kitabu. Wakati ule wataalamu wengi hawakumjali, na mwaka uliofuata aliondolewa katika kazi yake ya shule. Alikufa mwaka 1816. Miaka mingi baadaye ndipo Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliposoma kitabu kile na kukisifu, na watu wakatambua kwamba mwalimu yule alikuwa ameona kweli. Maji matamu ni ujira, na sasa tuitazame kazi inayolipwa.

2. Kazi inayolipwa

Nendeni katika shamba la maboga asubuhi, mapema, kabla jua halijawa kali. Mtaona maua makubwa ya manjano. Yatazameni vizuri, maana si ya namna moja. Yako maua yanayosimama juu ya kikonyo chembamba, na katikati yake mna kijiti chenye unga wa manjano unaoshika kidole. Hayo ni maua dume. Yako mengine ambayo chini yake pana kiboga kidogo mviringo kama gololi, na katikati yake mna kichwa kilichogawanyika, chenye kunata. Hayo ni maua jike.

Ili kiboga kile kikue, sharti unga wa ua dume ufike juu ya kichwa cha ua jike. Haitoshi chembe moja. Kila mbegu itakayokuwamo katika boga yahitaji chembe yake ya unga, na boga lina mbegu mamia. Unga ukikosekana, kiboga chageuka manjano, chanyauka, chaanguka. Unga ukifika kidogo tu, mara nyingi boga lakua upande mmoja na kupindika upande mwingine. Tena hakuna nafasi ndefu, kwa sababu ua la boga lafunguka alfajiri, na kabla ya saa sita za mchana limekwisha kufunga, wala halifunguki tena.

Nani atauchukua unga ule? Mboga haina miguu. Upepo waweza kuuchukua unga wa mahindi, kwa kuwa ni mkavu na mwepesi. Lakini unga wa boga ni mzito, wenye kunata, na upepo hauwezi kuubeba. Ndipo hapo nyuki ajapo. Aingia ndani ya ua dume kutafuta maji matamu, naye hana habari ya maboga yetu. Maji yale yamewekwa chini kabisa, hata sharti ajisukume na kujisugua, na unga wote washika katika manyoya ya mwili wake. Atoka, aenda ua la pili. Kama ni ua jike, akijisugua tena, unga wabaki juu ya kile kichwa chenye kunata. Kazi imefanyika na ujira umelipwa papo hapo.

Angalieni pia jinsi malipo yalivyopimwa kwa busara. Ua moja halitoi maji mengi ya kumshibisha nyuki mara moja, kwa maana akishiba kwenye ua moja atarudi nyumbani bila kulitembelea la pili, na unga hautafika kokote. Latoa kidogo tu, ili afike, aonje, aendelee mbele. Hivyo nyuki mmoja hutembelea maua mengi katika safari moja, tena mara nyingi maua ya namna moja tu, asichanganye unga wa boga na unga wa tango.

3. Wafanya kazi mbalimbali na mialiko yao

Nyuki si mfanya kazi peke yake. Duniani kuna namna za nyuki zaidi ya 20,000, na nyingi hazikai mizingani wala hazina asali ya kurina. Na zaidi ya nyuki wako ndege, popo, nondo, vipepeo, nzi na mbawakawa. Kila ua humwita mfanya kazi wake kwa njia inayomfaa.

Nyuki huona vizuri rangi ya buluu na ya manjano, lakini rangi nyekundu kwake ni kama giza. Ndege huona nyekundu vizuri sana, ila pua yake ni dhaifu. Kwa hiyo mkiona ua jekundu, refu kama bomba, lisilo na harufu, lenye maji matamu tele ndani, mjue kwamba mara nyingi lamngoja ndege. Katika nchi zetu ndege huyo ni chozi, yule mdogo mwenye rangi zinazong'aa na mdomo mwembamba uliopinda. Aingizapo mdomo ndani ya bomba la ua, unga wampaka kichwani, naye aupeleka ua jingine.

Yako maua yanayofunguka jua likizama. Mara nyingi ni meupe au ya rangi hafifu, ili yaonekane gizani, na yana harufu kali. Maua ya mbuyu na ya msufi ni ya namna hiyo, nayo hutembelewa na popo. Watu wengi humwogopa popo na kumwita ndege wa wachawi. Lakini yeye si ndege, wala hana uchawi wowote. Ni mnyama anyonyeshaye watoto wake, anayeruka usiku kutafuta chakula, na arudipo uso wake umejaa unga wa maua. Miti mikubwa mnayoikalia chini yake, mingi ilizaa mbegu kwa kazi ya popo.

Hata mahali ambapo mtu angesema haiwezekani, mfanya kazi yupo. Huko Madagaska lipo ua jeupe ambalo maji yake matamu yamo mwisho wa mrija mwembamba, urefu wake karibu sentimeta 30. Mwaka 1862 Darwin alisema kwamba lazima awepo nondo mwenye ulimi mrefu kama huo. Watu wengine walimcheka. Mwaka 1903, alipokuwa amekwisha kufa, wataalamu walimwandika katika vitabu nondo huyo wa Madagaska, mwenye ulimi wa ajabu.

Nasi tusisahau mashamba yetu wenyewe. Kahawa ya robusta, ambayo asili yake ni misitu ya Afrika na hasa misitu ya Kongo, haizai kwa unga wa mti wake wenyewe. Yahitaji unga wa mti mwingine, nao huletwa na upepo na nyuki pamoja. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba katika maji matamu ya ua la kahawa mna chembe za ile dawa iliyomo katika kahawa tunayokunywa, nayo humsaidia nyuki kuikumbuka harufu ya ua lile na kulirudia. Kakao nayo hutumikiwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyozaliwa katika majani yanayooza chini ya miti. Mwenye kufagia shamba la kakao mpaka udongo ung'ae amewafukuza watumishi wake.

4. Wezi na wadanganyifu

Msidhani kwamba ua na nyuki wapendana kama ndugu. Kila mmoja atafuta faida yake, na faida hizo mbili zimekutana. Palipo na malipo, wezi nao hawakosekani.

Mmewaona nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za nyumba. Hao ni wafanya kazi wazuri wa maracuja, kwa kuwa ua lake ni kubwa na lahitaji mgongo mkubwa wa kubeba unga. Lakini wafikapo kwenye ua lenye bomba refu na ulimi wao hautoshi, hawasumbuki. Hulitoboa ua ubavuni, karibu na shina lake, hunywa maji yote, huenda zao. Ujira wamechukua, kazi hawakuifanya. Chozi naye hufanya hivyo pengine.

Kwa upande mwingine yako maua yanayodanganya. Katika jamii ya maua yaitwayo okidi, karibu theluthi moja hayana malipo yoyote. Yana rangi nzuri, yana harufu nzuri, nyuki aingia na kutoka na unga mwilini, lakini kinywani hana kitu. Nyuki hujifunza upesi kuyaepuka, na ndiyo maana wengi wa maua hayo huzaa mbegu kwa shida. Tajiri asiyelipa hupata kibarua mara moja, mara ya pili hampati.

Vilevile si kila ujira ni maji matamu. Mchikichi, mti wetu wa mawese, hutumikiwa na mbawakawa wadogo sana. Maua dume ya mchikichi huwapa chakula na mahali pa kulelea watoto wao. Maua jike yana harufu ile ile, lakini hayawapi kitu. Nao huvutwa na harufu, hufika wakiwa na unga, kisha huondoka.

5. Mahali ambapo mfanya kazi hayupo

Thamani ya mfanya kazi hujulikana siku asipokuja. Mchikichi ulipochukuliwa Afrika na kupandwa huko Malesia, mbawakawa wake hawakuchukuliwa pamoja nao. Kwa miaka mingi watu wa mashamba yale iliwabidi kupeleka unga kwenye maua kwa mikono yao. Mwaka 1981 mbawakawa hao waliletwa kutoka Kameruni, wakaachiliwa mashambani, na kazi ya mikono ikakoma.

Habari ya vanila ni ya kutia huzuni zaidi. Mmea huo asili yake ni Amerika, na nyuki wa kwao wako huko. Wafaransa waliupanda katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion, katika Bahari ya Hindi. Ulimea, ukachanua, lakini haukuzaa. Mwaka 1841 mtoto mmoja mtumwa, jina lake Edmond, mwenye umri wa miaka 12, aligundua njia. Kwa kijiti chembamba aliinua kijiko kidogo kinachotenga unga na sehemu jike ndani ya ua, akabonyeza kwa kidole gumba, na tunda likashika. Njia hiyo ya mtoto mtumwa ilienea duniani na kuwatajirisha wengi. Yeye mwenyewe alipata uhuru mwaka 1848, utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Ufaransa, akaitwa Edmond Albius. Akafa maskini mwaka 1880.

Hata leo, wakulima wa vanila wa Madagaska na wale wa Kivu ya Kaskazini hufanya kama alivyofanya Edmond, ua moja moja, asubuhi kwa asubuhi, kwa sababu ua la vanila huishi siku moja tu. Waulizeni jinsi migongo inavyowauma. Kazi hiyo yote ndiyo ile ambayo nyuki angeifanya.

6. Maboga yaliyooza na mjane aliyeshitakiwa

Sasa twafikia neno tulilowaahidi mwanzoni. Katika kijiji kimoja tulichokuwa tukikitembelea kwa mafundisho, maboga yalikataa kuzaa. Maua yalikuwa mengi, lakini kila kiboga kilipofikia ukubwa wa yai la kuku kilioza na kuanguka. Mwenye shamba moja alisema kwamba jirani yake, mjane mzee, alikuwa amepita hapo jioni na kuyatazama maboga kwa jicho baya. Neno lile likazunguka. Watoto wakakatazwa kupokea maji kwake. Wengine walisema aitwe mpiga ramli, na mjane ahamishwe kijijini.

Tulipoitwa kwenye baraza, hatukutoa hotuba. Tuliwaomba wazee waende kwanza kutazama shamba la mjane mwenyewe, nyuma ya nyumba yake. Hakuna aliyekuwa amelitazama. Maboga yake nayo yalikuwa yameoza, yote. Mzee mmoja akauliza: je, amejiroga mwenyewe?

Ndipo tukauliza habari za nyuki. Vijana wakajibu kwamba katika kiangazi walikuwa wamerina asali katika miti mitatu yenye mapango karibu na kijiji. Waliwasha moto mkubwa shinani, nyuki wakaungua wote na watoto wao, kisha miti ikakatwa kwa makaa. Katika mashamba ya upande ule, asubuhi nzima tuliona nyuki wawili watatu tu.

Kesho yake alfajiri, mbele ya wazee, tulichuma ua dume, tukaling'oa majani yake ya manjano, tukaupaka unga wake juu ya kichwa cha ua jike. Tulifanya hivyo kwa maua matatu katika shamba la yule aliyeshitaki, tukayafunga kamba ya mgomba ili yajulikane. Kiboga cha kwanza kililiwa na mbuzi. Viwili vilivyobaki, baada ya siku saba, vilikuwa vikubwa kama ngumi, na vingine vyote vilivyokuwa kando yake vimegeuka manjano. Mwenye shamba hakusema neno. Lakini boga la kwanza lilipoiva, mke wake alilikata vipande viwili, kimoja akampelekea mjane.

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba kila boga linalooza limekosa unga. Nzi wa matunda naye hutaga mayai ndani ya viboga vichanga. Vipasueni, mtaona funza. Mvua ikizidi, ugonjwa nao huozesha. Tunasema hivi: kila moja ya sababu hizo ina alama inayoonekana kwa macho, na mtu mwenye kuitafuta ataipata. Anayemtaja jirani kabla ya kupasua kiboga amevunja amri ya nane, naye hata chakula chake hajakiokoa.

7. Tufanye nini?

Kwanza, wakati wa kurina asali tumieni moshi, si moto. Moshi huwatuliza nyuki, moto huwaua. Kateni masega yenye asali. Masega yenye watoto waacheni, na asali kidogo iachwe iwe akiba yao. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Ukimwunguza leo, kesho utamfuata nani?

Pili, wenye kununua dawa za kuua wadudu wasizinyunyize asubuhi juu ya maua yaliyofunguka. Ikiwa lazima kunyunyiza, ngojeni jioni, nyuki wakiwa wamerudi nyumbani na maua ya maboga yamefunga. Dawa hazimbagui mwizi na mtumishi.

Tatu, mnapofungua shamba jipya, acheni baadhi ya miti inayochanua, hasa yenye mapango. Maboga huchanua muda mfupi tu, lakini nyuki hula mwaka mzima. Asiyepata chakula miezi mingine hatakuwako siku utakapomhitaji.

Nne, msiwaue popo kwa ajili ya hofu tu, wala msiwaachie watoto wapige chozi kwa manati.

Si maboga tu yanayohusika. Wataalamu walihesabu mazao makuu 115 ya chakula duniani, wakaona kwamba 87 kati yake yategemea wanyama hawa, mengine kwa sehemu kubwa, mengine kwa sehemu ndogo. Ninyi Wakristo mwajua pia kwamba nta ya nyuki ndiyo iliyofanya mishumaa ya altare tangu zamani, na kwamba wimbo wa Kilatini wa kusifu mshumaa wa Pasaka wataja kazi ya nyuki usiku ule mtakatifu. Kanisa halikuona aibu kumtaja mfanya kazi mdogo namna hiyo.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Maji matamu ya ua ni kwa ajili ya nani?
Jibu: Ni ujira wa wanyama na wadudu wanaochukua unga wa ua dume na kuupeleka kwa ua jike.

Swali: Kwa nini ua hutoa maji kidogo tu?
Jibu: Ili mfanya kazi asishibe mahali pamoja, bali aendelee kutembelea maua mengine.

Swali: Kwa nini boga halizai ingawa limechanua?
Jibu: Mara nyingi ni kwa sababu unga haukulifikia ua jike, pengine ni kwa sababu ya nzi wa matunda au ugonjwa.

Swali: Anayeunguza nyuki kwa ajili ya asali amefanya nini?
Jibu: Amepata asali ya siku moja, na ameharibu mavuno yake na ya jirani zake.

Swali: Shamba likikataa kuzaa, Mkristo afanye nini kwanza?
Jibu: Atazame maua, apasue tunda, aulize habari za nyuki, asimshitaki mtu kwa neno lisilo na ushahidi.

Kazi ya juma hili

Kila baba na kila mama awachukue watoto wake alfajiri mpaka shamba la maboga. Watafute ua dume na ua jike, wakae kimya mbele ya ua jike moja, wahesabu nyuki wangapi wameingia kabla halijafunga. Hesabu hiyo wailete kwa katekista siku ya Dominika, tupate kujua kijiji chetu kina wafanya kazi wangapi.

Kwaherini. Mungu awabariki nyote, na mashamba yenu.